Wosia wa Siri Ndio Unaovunja Nyumba

Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano mkuu wa chama chetu cha kufa na kuzikana, Temeke, Dar es Salaam. Wanachama wengi hawakufika kwa sababu ya mvua, wengine walikuwa msibani Mbagala, na wameomba niiweke hapa yote. Nimeiacha kama nilivyoisema.

Mheshimiwa Mwenyekiti, Mama Mweka Hazina, wazee wangu, akina mama, vijana wetu. Assalamu alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Chama hiki kinajua kuzika. Mwenzetu akifariki leo saa nne usiku, alfajiri turubai limeshafungwa, viti vimefika, masufuria yako mekoni, sanda au jeneza limelipiwa, na kama anasafirishwa, basi limeshakodiwa. Hilo tunaliweza, na nawapongeza kwa dhati.

Lakini nawauliza. Nani kati yetu anabaki na ile familia baada ya arobaini? Turubai likifunguliwa, tunabeba viti vyetu tunaondoka. Siku hiyo ndiyo ndugu wanaitana ndani, mlango unafungwa, na mtu mmoja anauliza: hati ya nyumba iko wapi?

Wengi mnanifahamu. Nimekalia kiti cha hakimu wa mahakama ya mwanzo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, mpaka nilipostaafu. Nimesikiliza wizi, nimesikiliza waliopigana vilabuni, nimesikiliza talaka na madeni. Hakuna kesi zilizoniumiza kama za mirathi. Mwizi na aliyeibiwa wakitoka mahakamani, kila mmoja anashika njia yake. Watu wa mirathi wakitoka, wanarudi nyumba moja. Wanachota maji bomba moja. Watoto wao wanasoma shule moja, wanaambiwa wasisalimiane.

Na jambo nililoliona miaka yote ile ni hili, ndugu zangu, naomba mnisikilize vizuri. Ugomvi wa mirathi hauletwi na wingi wa mali. Nimeona watu wakichomana visu kwa sababu ya vyumba viwili na choo cha nje. Nimeona pia familia zenye maghorofa zikigawana mchana kweupe, wakamaliza, wakala pamoja. Tofauti ilikuwa nini? Tofauti ilikuwa siri. Pale palipokuwa na siri, palikuwa na ugomvi. Pale ambapo marehemu alisema akiwa hai, akaandika akiwa hai, akawaonyesha watu akiwa hai, ugomvi haukupata pa kushika.

Nianze na wosia.

Kulikuwa na mzee mmoja, fundi seremala. Alikuwa na wake wawili na watoto saba, na nyumba mbili, moja ya kuishi na moja ya kupangisha. Aliugua kiharusi, akalala kitandani muda mrefu. Watoto wakubwa walikuwa na kazi zao, walituma hela, walipiga simu. Aliyebaki naye ni kijana wa mwisho wa mke mdogo. Yule kijana alimwogesha baba yake. Alimgeuza usiku asitoke vidonda. Alimlisha uji kwa kijiko. Akina mama mliowahi kuuguza mtu wa kiharusi mnaijua kazi hiyo.

Mzee akaona amwachie kijana yule nyumba ya kupangisha. Je, alikosea? Hapana. Mimi ningekuwa yeye, ningefanya hivyo hivyo. Tatizo ni jinsi alivyofanya. Usiku mmoja alimwambia kijana alete karatasi. Wakaandika kwenye karatasi ya daftari, wino wa bluu, mzee akatia sahihi kwa mkono uliokuwa unatetemeka. Mashahidi wakawa wawili: yule kijana mwenyewe, na rafiki yake dereva wa bodaboda. Ikatiwa kwenye bahasha ya kaki, ikafungiwa sandukuni. Mke mkubwa hakuambiwa. Mke mdogo hakuambiwa. Ndugu wa mzee hawakuambiwa.

Siku ya kuanua tanga bahasha ikafunguliwa. Kaka mkubwa akaisoma mara moja, akasema: huu si mkono wa baba. Na kweli haukufanana na sahihi ya zamani, kwa sababu mkono wa mtu mwenye kiharusi haufanani na mkono wake alipokuwa mzima. Ukoo ukasimama na kaka. Shauri likaja mahakamani.

Nini kilitokea? Wosia ule ulianguka. Na haukuangushwa na uongo wa mtu yeyote. Uliangushwa na mashahidi wake. Mrithi anayepewa mali hawezi kuwa shahidi wa wosia huo huo. Hakukuwa na hata mtu mmoja wa ukoo. Wake waliokuwa nyumbani hawakushuhudia. Ikabidi mali igawanywe kana kwamba mzee hakuandika chochote, na kijana aliyemwogesha baba yake akapata fungu la mtoto wa mwisho. Alistahili, lakini karatasi haikuwa na nguvu ya kumpa alichostahili.

Ndugu wanachama, sheria ya mila iliyotangazwa kwa maandishi tangu 1963, Tangazo la Serikali namba 436, inasema wazi. Ukiandika wosia kwa mila na unajua kusoma na kuandika, unahitaji mashahidi wasiopungua wawili wanaojua kusoma na kuandika: mmoja wa ukoo wako, mmoja asiye wa ukoo. Kama hujui kusoma, mashahidi wanne: wawili wa ukoo, wawili wa nje. Ukiusema kwa mdomo, vilevile wanne. Na zaidi ya hao, mkeo au wake zako walioko nyumbani nao washuhudie. Mnaona mantiki yake? Sheria inataka kuwe na jicho la ndani na jicho la nje. Inataka siri isiwepo.

Sasa kuna wazee hapa, nawaona, ambao wameshaniambia pembeni: mimi yule mwanangu simwachii hata kijiko. Sawa. Kwa mila unaweza kumnyima mrithi. Lakini si kwa hasira tu. Lazima uandike kwamba unamnyima, na uandike kwa nini, na sababu zenyewe zimetajwa: awe amezini na mke wako, au amejaribu kukuua, au amekushambulia au kukujeruhi vibaya, au amekutelekeza bila sababu ya maana ukiwa na njaa au ugonjwa, au ameharibu mali yako. Na awe amepewa nafasi ya kujitetea mbele yako au mbele ya baraza la ukoo. Kwamba hakuja harusini kwako si sababu. Kwamba ameoa mtu usiyemtaka si sababu. Kwamba amebadili dini au dhehebu si sababu.

Mnakumbuka shauri la wosia uliodaiwa kuwa wa marehemu Mzee Reginald Mengi? Alifariki Mei 2019. Wosia wenyewe ulikuwa wa Agosti 2017. Mwezi Mei 2021 Mahakama Kuu hapa Dar es Salaam iliukataa, na miongoni mwa mambo yaliyozungumzwa ni hali ya afya yake wakati ule na watoto walioachwa nje bila kuelezwa sababu. Sitaki kuingia kwenye familia ya watu, wana machungu yao. Ninachowaambia ni kwamba mahakama inauliza maswali yale yale kwa tajiri wa viwanda na kwa fundi seremala. Alikuwa na akili timamu? Alilazimishwa? Nani alishuhudia? Kwa nini huyu ameachwa?

Na hayo ndiyo mambo ya kupinga wosia, kwa wewe uliyeachwa ukaona hukutendewa haki. Kupinga wosia si dhambi, wala si kumlaani marehemu. Ni haki yako. Lakini upinge kwa hoja. Hoja ni kwamba wosia ni wa kughushi, au mwenye wosia hakuwa na akili timamu, au alitishwa, au mashahidi hawakuwa wanaotakiwa, au umenyimwa bila sababu ya kisheria. “Mimi ndiye mkubwa” si hoja. “Baba aliniahidi kwa mdomo tukiwa wawili shambani” si hoja, hata kama ni kweli kabisa, na huwa inaniuma kwa sababu mara nyingi ni kweli.

Kwa ndugu zangu Waislamu, nanyi mna utaratibu wenu na mnaufahamu kuliko mimi, ila nimeona ukisahauliwa. Kwanza mazishi, kisha madeni, kisha wasia, ndipo warithi. Wasia hauzidi theluthi moja ya kilichobaki. Na haumwongezi mrithi ambaye tayari ana fungu lake, isipokuwa warithi wenzake waridhie. Mke ana thumni, yaani sehemu moja ya nane, mume akiacha watoto, ana robo asipoacha, na wake wakiwa wengi wanagawana fungu hilo hilo moja. Mafungu yameshapangwa katika Sura An-Nisaa. Kwa hiyo baba anayetaka kumpa binti yake nyumba nzima asiandike wasia, atakuwa anajisumbua. Ampe kwa hiba, yaani zawadi, akiwa hai, amkabidhi, abadilishe hati, na majirani waone kwamba kweli amekabidhi. Wale wa Unguja na Pemba, utaratibu wenu unapitia Mahakama ya Kadhi na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Mkitoka hapa nionane nanyi.

Kwa wale ambao maisha yao si ya kimila wala ya Kiislamu, na Wakristo wengi wa mjini wanaangukia hapa, sheria inayotumika ni ya mwaka 1865, ilitoka India. Huko wosia unataka mashahidi wawili waliokuona ukitia sahihi. Shahidi akiwa ndiye aliyeachiwa kitu, wosia unabaki lakini zawadi yake inapotea. Na kuna jambo wengi hawalijui: ukiandika wosia leo ukiwa hujaoa, kesho ukaoa, ndoa hiyo inaufuta wosia wako. Uandike upya.

Nani anaamua ni sheria ipi ikuhusu? Si kabila lililoandikwa kwenye fomu ya shule. Mahakama inaangalia maisha uliyoishi. Mwaka 1969 kulikuwa na shauri la marehemu Innocent Mbilinyi, Mngoni aliyeishi Dar es Salaam na mkewe Mchagga. Ilionekana kwamba maisha yake yalikuwa yameachana na mila za Kingoni, basi mirathi yake ikafuata ile sheria ya 1865, ambayo inampa mjane theluthi moja na watoto theluthi mbili. Jiulizeni: mimi nimeishi vipi? Nikifa kesho, mtu akisimama akasema huyu alikuwa mtu wa mila, ukoo wangu utakubali? Mke wangu atakubali? Ukiandika wosia, hilo unalimaliza mwenyewe, humwachii mtu kazi.

Kabla sijatoka kwenye wosia, niseme neno moja kwa akina baba, na naomba mnivumilie. Wale watoto wa nje. Mnajua ninachokisema. Kila mwaka nilikuwa namwona: kijana wa miaka kumi na kitu, ameletwa na mama yake, amevaa shati lililopigwa pasi, amesimama nyuma kabisa ya watu mahakamani. Uso ni wa marehemu, hauhitaji kipimo. Na mjane ndiyo kwanza anamwona. Mnafikiri mjane yule alilia kwa ajili ya mali? Alilia kwa sababu alidanganywa miaka kumi na kitu na mwenye kumjibu hayupo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kunyimwa kufaidi kwa kiasi kinachofaa mali ya mzazi wake. Kwa Waislamu mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa harithi kwa baba, lakini ile theluthi ya wasia ipo, na hiba ipo. Njia zipo kwa kila mtu. Mseme mkiwa hai. Mtagombana na wake zenu, ndiyo, mtagombana. Lakini mtakuwepo kujibu.

Sasa nije kwa msimamizi wa mirathi.

Hapa ndipo panapolia watu wengi kuliko kwenye wosia, kwa sababu wengi wetu tunakufa bila kuandika. Familia inakaa kikao, inamchagua mmoja, mahakama inamteua. Na siku anapopewa ile karatasi yenye mhuri, baadhi yao wanabadilika. Anaanza kusema nyumba yangu. Anaanza kusema wapangaji wangu.

Msimamizi si mrithi mkuu. Narudia. Msimamizi si mrithi mkuu. Amepewa kazi nne: akusanye mali, alipe madeni, agawe kwa wanaostahili, arudishe hesabu mahakamani. Akimaliza, usimamizi umekwisha. Anaweza naye kuwa mrithi, lakini fungu lake ni fungu lake tu, haliongezeki kwa kuwa ndiye aliyeshika mhuri.

Familia moja iliniachia kumbukumbu mbaya. Baba alikufa, mama alikuwa ameshatangulia. Watoto watano. Nyumba ya vyumba sita, yote imepangishwa. Kaka wa pili akapeleka mahakamani muhtasari wa kikao cha familia: wote wamehudhuria, wote wamekubali yeye asimamie, sahihi tano chini. Akateuliwa. Akakusanya kodi mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, mwaka wa tatu. Ndugu wakiuliza anasema mambo ya mahakama yanachukua muda. Mwaka wa nne kiwanja cha pembeni kikauzwa.

Dada yao mmoja alikuwa Muscat, anafanya kazi za ndani. Aliporudi likizo akaomba kuuona ule muhtasari. Akaiona sahihi yake. Tarehe ya kikao yeye alikuwa Oman, na pasipoti yake ina mihuri. Sahihi zote tano zilikuwa za kalamu moja, zimelalia upande mmoja. Akaileta pasipoti mbele ya mahakama, akaifungua ukurasa wa mihuri, akaiweka mezani. Hakusema maneno mengi. Uteuzi ukatenguliwa.

Lakini jiulizeni, kwa nini ilichukua miaka minne? Wale ndugu watatu waliokuwa hapa hapa mjini walikuwa wapi? Waliogopa kuonekana wanagombania mali. Waliogopa kaka atasema wamemkosea heshima. Jamani, heshima gani hiyo? Kumdai msimamizi hesabu si utovu wa adabu. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na mirathi ndiyo mali inayohitaji daftari kuliko zote, kwa sababu mwenyewe hayupo kuuliza.

Kwa hiyo shikeni hili. Mahakama ya mwanzo ikimteua msimamizi, anatakiwa ndani ya miezi minne awasilishe orodha ya kweli ya mali na madeni ya marehemu, kisha hesabu kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga. Kwenye mirathi zinazofunguliwa mahakama za juu, orodha ni ndani ya miezi sita, hesabu ndani ya mwaka mmoja. Mahakama inaweza kuongeza muda, lakini lazima uombwe na uwe na sababu. Miezi minne imepita hujaona orodha? Nenda pale mahakamani, taja namba ya shauri, omba kuliona jalada. Wewe ni mrithi, una haki hiyo. Ukikuta hakuna orodha, peleka maombi msimamizi aitwe ajieleze. Akionekana alipata uteuzi kwa udanganyifu, au ameficha jambo, au amekataa makusudi kuleta hesabu, uteuzi unaweza kufutwa na mwingine akawekwa.

Na kabla hata hajateuliwa, kuna tangazo. Tangazo la mirathi hubandikwa mahakamani, mara nyingi hutoka na gazetini. Hapo ndipo pa kuweka pingamizi kama humtaki, kama wosia unaoletwa unautilia shaka, kama jina lako halimo. Usisubiri nyumba iuzwe. Kupinga mapema ni karatasi chache. Kupinga baada ya kuuzwa unakuwa umeingia kesi na mnunuzi, na mnunuzi naye ana watoto na ana wakili.

Kikao cha ukoo ni kizuri, sikipuuzi hata kidogo. Mimi nimeona mashangazi wakimaliza kwa saa mbili jambo ambalo mahakama ingelimaliza kwa miaka miwili. Lakini muhtasari wa kikao si hukumu. Mahakama inauchukua kama msaada. Asikutishe mtu kwamba ukoo umeshaamua.

Jambo la tatu, na hapa nitasimama kidogo, ni wajane na mabinti.

Twende Kagera. Mama mmoja, Holaria Pastory, alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake, kwa wosia halali. Umri ukaenda. Akaona anazeeka na hana wa kumtunza. Agosti 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akaenda mahakama ya mwanzo Muhutwe, akasema mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Na kwa ile sheria ya mila ya 1963 alikuwa na pa kusimamia, maana inasema mwanamke anaweza kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote lakini asiiuze. Mahakama ya mwanzo ikakubaliana naye, ikamwamuru mama arudishe hela.

Mama akakata rufaa mahakama ya wilaya, akashinda. Mpwa akakata rufaa Mahakama Kuu, Mwanza. Februari 1990 Jaji Mwalusanya akasema: Katiba yetu sasa ina haki za binadamu, ubaguzi kwa jinsia umekatazwa, mwanamume wa Kihaya anaweza kuuza shamba la ukoo, basi na mwanamke wa Kihaya anaweza.

Fikirieni yule mama. Baba yake alimwandikia wosia. Hakumwachia kwa minong'ono, aliandika. Wosia ule ndio ulimwingiza kwenye shamba, na ndio uliompa miguu ya kusimama mpaka Mwanza. Je, ninyi akina baba mlioko hapa mnaosema binti ataolewa, atakwenda kwao, mmeandika nini kwa ajili ya binti zenu?

Na msidhani hukumu moja ilimaliza kila kitu. Kule Shinyanga wajane wawili, kila mmoja kwa wakati wake, waliondolewa pamoja na watoto wao wadogo kwenye nyumba walizoishi na waume zao, kwa sababu kanuni ya mila ile ile ya 1963 inasema mjane hana fungu kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Watoto wenyewe ndio kwanza wananyonya na kusoma chekechea, watamtunza na nini? Wakaenda Mahakama Kuu. Mwaka 2006 ikakubali kwamba kanuni hizo zinabagua, lakini ikakataa kuzifuta. Rufaa ikatupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya utaratibu. Wakafika mpaka Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na Machi 2015 Kamati ikasema Tanzania imewakosea, sheria hizo zirekebishwe.

Waume zao hawakuacha wosia. Laiti wangeandika!

Sheria nyingine zimesogea. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi kwa kuwa tu ni mwanamke. Na tangu 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Lile lilikuwa shauri la talaka, lakini mjane nalo limsaidie kufikiri. Nyumba mliyojenga pamoja, wewe ukipika mama lishe na yeye akinunua mabati, si yote ya marehemu. Sehemu yako ni yako ukiwa mke na ukiwa mjane. Kinachogawanywa ni sehemu yake. Shemeji akija na funguo mpya na kufuli mpya siku ya tatu baada ya mazishi, mjane usitoke. Usitoke kwa hiari yako. Nenda serikali ya mtaa, nenda kwa wasaidizi wa kisheria, nenda mahakamani. Na sisi chama tusikae kimya. Yule mama tuliyempikia pilau la msiba tukimwona na mabegi barabarani, hilo nalo ni la chama.

Vijana, nanyi neno dogo. Wapo watu wa mtaani wanaochochea. Anakuja anakwambia kaka yako anakula peke yake, mimi namjua wakili, mimi nina mnunuzi. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mwiteni kaka kwanza. Kaeni. Muulizeni. Akikataa kabisa kujibu, nendeni mahakamani, lakini nendeni kwa ajili ya hesabu, msiende kwa ajili ya kumwaibisha.

Mwenyekiti, muda wangu unakwisha, ninalo pendekezo la kazi. Fomu yetu ya uanachama ina jina, namba ya simu, majina ya wategemezi, na mahali mwanachama anapotaka kuzikwa. Naomba iongezwe mistari mitatu. Je, una wosia? Unatunzwa wapi? Watu wawili wanaojua ni nani? Tusiandike kilichomo, hayo ni ya mwenyewe. Tuandike ulipo. Wosia unaweza kuutunza RITA, ule Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini wa serikali, kwa wakili, benki, au kwenye ofisi ya kanisa au msikiti wako. Kuhifadhi chini ya godoro, hapana. Kumpa mrithi mmoja ajitunzie, hapana.

Na kwa asiye na wosia kabisa, aanze na orodha. Chukua daftari leo jioni. Andika kiwanja kiko wapi na hati iko wapi. Andika akaunti ni ya benki gani. Andika unayemdai na anayekudai, hata kama ni vicoba. Andika watoto wako wote. Nimesema wote. Kisha keti na mke wako au mume wako, mwite shangazi au baba mdogo mmoja, na jirani mmoja mnayemwamini, muisome kwa sauti. Mkimaliza, njooni tuwaandikie vizuri kwa kufuata sheria inayowahusu. Mimi na wasaidizi wa kisheria wawili wa kata tutakaa hapa ofisini kila Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi, bure, wala hakuna bahasha itakayopokelewa.

Sasa nayapokea maswali. Kuna mama pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipowataja wake wawili. Mama, tafadhali, anza wewe.